Jina la Nyaboke Juu ya Maji

Mkono wangu wa kulia unatetemeka. Nawaambia mapema ili muache kuuangalia kwa huruma kila mkija kunitembelea hapa Suneka. Umetetemeka miaka minane sasa, na ndani ya miaka hiyo umeandika kitu ambacho mashine zenu hazingethubutu. Ukiona mzee anamwaga chai kwenye kisahani, usidhani amekwisha. Mpe burashi kwanza, halafu uzungumze.

Naitwa Zakaria. Kwa zaidi ya miaka arobaini niliiandika Kisii hii, na sisemi vitabu. Nimeandika maduka, bucha, kuta za shule, milango ya malori, vibao vya wang'oa meno, na mlango wa choo cha soko ambao wanaume walikuwa wanaukosea makusudi. Kuanzia Daraja Mbili mpaka Nyamira mjini, ukikuta herufi O imekaa vizuri na haijalegea, pengine ni yangu. Siku hizi nyinyi mnatoa herufi kwenye kompyuta, mnabandika stika, mnapiga picha, mnaondoka. Sawa. Sigombani na stika. Ila msije kuniambia kazi ya mkono imekufa, kwa sababu mwenye mkono bado yupo na anawasikia.

Aliyenifundisha ni Mzee Salimu, Mwislamu wa mjini ambaye babu yake alifika Kisii akiuza nguo na hakurudi alikotoka. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya soko, kimejaa makopo ya rangi hadi mlangoni. Nilifika kwake na Kiswahili cha shule, kwa sababu kwetu ni Ekegusii kuanzia asubuhi mpaka kulala. Akasema hawezi kumfundisha mtu kuandika lugha asiyoisikia vizuri, kwa hiyo nikajifunza vyote viwili pamoja. Nikikosea neno alinigonga kwa kijiti cha kuegemeza mkono. Hicho hamkijui. Ni kijiti kirefu, kimefungwa kitambaa kwenye ncha ili kisikwaruze. Unakishika kwa mkono wa kushoto, ncha inagusa mahali pasipo na rangi mbichi, na mkono wa kulia unalala juu yake. Halafu unavuta mstari ukiwa unatoa pumzi. Ukivuta huku unaingiza pumzi, mstari unapanda pamoja na kifua chako, na hutajua kwa nini.

Alinifundisha pia kwamba herufi hazilingani. O ukiipa kimo sawa na N itaonekana fupi, kwa hiyo lazima ivuke mstari kidogo juu na kidogo chini. Y ikifuatwa na A, zisogeze karibu, la sivyo zinaacha pengo kama la jino lililong'oka. Rula haijui mambo hayo. Usipojifunza kutumia jicho utakuwa unapima tu maisha yako yote.

Msifikiri nilizaliwa fundi. Kosa langu kubwa la ujana lilikuwa lori la mfanyabiashara mmoja wa ndizi. Aliliegesha nje ya chumba chetu, limeelekea juu, na nyinyi mnaujua mji wetu: ukiangusha chungwa kule Nyanchwa utaliokota bondeni. Nikachukua pima maji ya waashi, ile yenye povu ndani ya kioo, nikapima mistari yangu kwa makini, nikaandika jina la mwenyewe ubavu mzima. Povu lilikaa katikati kabisa, na mimi nikajisifu. Lori likaenda likasimama uwanjani, mahali tambarare, na herufi zote zikawa zinateremka kuelekea magurudumu ya mbele. Mwenye lori akarudi anauliza kwa nini gari lake linaonekana linaanguka. Mzee Salimu hakunipiga siku hiyo. Alinipa msasa, akaniambia nikwangue yote, kisha akasema, "Andika gari, Zakaria. Usiandike mlima." Nilicheka naye. Sikujua kwamba ningefika uzee nikirudia upuuzi ule ule.

Sasa niwaambie kuhusu mashua, maana najua ndiyo iliyowaleta. Watu wa bodaboda wameieneza habari hiyo na kila anayeifikisha anaongeza chumvi yake.

Mke wangu aliitwa Nyaboke. Alikuwa muuza ndizi. Wenzake walizinunua mashambani wakaziuza sokoni Daraja Mbili, basi, wakarudi nyumbani. Yeye akauliza ndizi hizo zinakwenda wapi baada ya pale. Akaambiwa zinateremka ziwani, kisha zinavushwa visiwani, ambako watu wana samaki mpaka wamechoka nao lakini hawana ndizi. Akazifuata. Mwanamke wa milimani, asiyejua kuogelea hata kidogo, akanunua mashua ya mbao, akaajiri wanaume wawili wa huko ziwani, na kwa miaka kumi na mitano akavuka na mikungu yake kila wiki. Mashua hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wetu. Rangi zangu zilisaidia, lakini tusidanganyane.

Mashua zote za ziwani zina majina. Yake ilikuwa na namba tu. Aliniomba niiandike, na nikamwambia nitaiandika nikimaliza kazi ya mwalimu fulani. Akaniomba tena, nikasema nikimaliza ya yule wa bucha. Sikukataa hata siku moja, na hilo ndilo baya, maana angejua nimekataa angetafuta mtu mwingine. Aliniomba kwa miaka. Halafu akaacha, na mimi, mjinga mkubwa, nikadhani amesahau.

Aliugua wiki tatu, akaniacha. Siku za mazishi sikuwa na akili ya kushika burashi. Wengine wakashughulikia kila kitu, na nawashukuru. Tangazo lilichapishwa mjini kwa mashine. Lilisema aliyefariki ni mke wa Zakaria, mkaza mwana wa marehemu baba yetu, shemeji ya kaka yangu Onchiri, mama ya kijana wetu Kefa. Nilihesabu wanaume wanne kabla ya kufika kwake. Na kwenye kibao cha kaburini wakaandika Mama Kefa. Sisemi walifanya ubaya. Ndivyo tunavyoandika wake zetu. Mimi mwenyewe nimeandika vibao vingi vya namna hiyo nikalipwa nikaenda kula. Lakini jioni ile nilisimama mbele ya kibao nikagundua kwamba mimi, mtu niliyeandika majina ya mji mzima, nimeishi na huyu mwanamke miaka thelathini na tisa na hakuna mahali popote duniani nilipoliandika jina lake. Nililia kwa hasira. Nilijikasirikia mwenyewe kwanza, halafu nikawakasirikia wengine wote.

Mashua ilikuwa imelala ufukweni tangu alipoanza kuugua. Mbao mbili zilikuwa zimeoza, na kuku wa mtu walikuwa wanatagia ndani. Binti yetu Kerubo, ambaye alikuwa ameshaanza kumsaidia mama yake biashara, akasema anaitaka, anataka kuendelea kuvuka. Nikamwambia mashua itaamka, na itaandikwa. Malori yanayopeleka ndizi ziwani hurudi matupu, kwa hiyo tukapakia mashua kwenye mojawapo, tukaipandisha mpaka uani kwangu Suneka. Nilitaka niione kila siku na nijue kila msumari unaingia wapi.

Mngeona vituko. Mashua juu ya matofali, katikati ya migomba, mbali na maji yoyote isipokuwa ya kisima. Watu walitoka kanisani wakapitia kwangu kuniuliza mafuriko yameahirishwa mpaka lini. Mwingine akaniletea mbuzi wawili, dume na jike, akasema anaweka nafasi mapema. Nikamwambia mbuzi wataingia, ila yeye abaki.

Fundi wa mashua alikuwa Ouma, mtu wa ziwani, mmoja wa wale wawili waliovuka na Nyaboke miaka yote. Alikaa kwangu mwezi mzima. Akatoa mbao mbovu, akapinda mpya kwa maji ya moto, akaziba kila ufa kwa pamba iliyoloweshwa mafuta. Alifanya kazi bila kusema sana, isipokuwa jioni, akila, alikuwa anamsifu Nyaboke jinsi alivyokuwa anayatukana mawimbi kwa Ekegusii. Alipomaliza akateremka kwao, akaniachia mashua nipake rangi. Tukakubaliana atanikuta siku ya kuitia majini.

Hapo ndipo kaka yangu Onchiri alipokuja. Yeye ndiye mkubwa wetu, anaishi Nyanchwa, na tangu baba afariki ndiye anayefungua na kufunga kila kikao cha familia. Alizunguka mashua mara mbili mikono ikiwa nyuma, akakubali kwamba imependeza. Kisha akauliza nitaiandika nini. Nikamwambia. Akasema mashua hii iandikwe jina la baba yetu.

Hakuwa na roho mbaya, na nataka mlijue hilo. Alisema baba alikufa bila kuacha kitu chochote chenye jina lake, hata gari, hata duka, na kwamba jina la mke liko ndani ya jina la mume. Alisema watu wa ziwani watatucheka, wataona ukoo wetu umekosa wanaume. Alisema mjane wa kiume akianza kuandika jina la mkewe kwenye mbao, watu wanaanza kuchunguza akili yake. Nikamwambia waanze. Akaitisha kikao, na kikao kikakubaliana naye, wazee saba na chai yangu mkononi. Nikawashukuru kwa kufika. Kesho yake asubuhi nikafungua kopo la rangi nyeupe.

Mashua nilikuwa nimeipaka buluu. Nikachagua ubao wa katikati, ule mpana, uliokuwa usawa wa kifua changu nikisimama. Nikachora mistari kwa uzi wa chaki, nikaweka kijiti changu, nikangoja mkono. Mkono unaotetemeka una utaratibu wake: unatetemeka, unatulia kidogo, unatetemeka tena. Ukikaa nao bila kuugombeza utaijua ile nafasi ya kutulia, na hapo ndipo unatoa pumzi na kuvuta. Herufi moja ilinichukua karibu saa nzima. Herufi saba upande huu, saba upande ule, siku tatu. NYABOKE. Ile Y na ile A nilizisogeza mpaka zikakaa kama ndugu, na O ikavuka mstari kidogo tu. Haki, ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Kerubo alipoiona alikaa chini kwenye majani akajifunika uso kwa leso.

Onchiri akapata habari, na siku ya kuiteremsha akaja ziwani na sisi, amevaa suti. Nilijua haji kushangilia.

Tukaisukuma majini kabla ya jua kuwa kali. Ikaelea. Jina likawa linang'aa juu ya maji, na wanawake wa Daraja Mbili waliokuja na ndizi zao wakapiga vigelegele. Ouma alikuwa wa mwisho kufika. Akatazama ubavu wa mashua, akanitazama mimi, akakuna kichwa. Kisha akaniuliza kwa upole kama nimewaandikia samaki wasome.

Sikumwelewa. Nikaelewa walipoanza kupakia. Kerubo alikuwa amesema safari ya kwanza lazima iwe na mzigo, kwa sababu mama yake hakuwahi kuvuka mikono mitupu. Mkungu wa kwanza, wa pili, wa kumi. Mashua ikaanza kukaa. Maji yakagusa miguu ya herufi. Wakaendelea kupakia, na maji yakapanda mpaka kiunoni mwa herufi. Ulipoingia mkungu wa mwisho, zilikuwa zimebaki ncha tu za herufi, na sehemu nyingine yote imezama.

Miaka arobaini, jamani. Niliandika mashua ikiwa juu ya matofali, tupu, katikati ya migomba, kana kwamba ni lori. Mtu yeyote wa ziwani, hata mtoto, anajua kwamba jina huandikwa ubao wa juu kabisa, kwa sababu mashua yenye mzigo inakaa chini. Kwetu tunaandika kitu kinachosimama palepale kilipo. Hakuna duka linalozama likijaa unga. Nilisikia aibu mpaka masikioni, na nilitamani kulia, na sikutaka kulia mbele ya suti ya Onchiri.

 Onchiri akasogea ukingoni, akaongea kwa sauti ya kikao, ili wote wasikie. Akasema hata maji yamekataa. Akasema bado kuna njia ya kumaliza jambo hili vizuri: ubao wa juu uko wazi, rangi ipo, fundi yupo. "Muandike baba pale juu," akasema. "Mke wako abaki hapo chini alipo. Wote wawili watakuwemo, na familia itakuwa na amani."

Baadhi ya wanawake wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Hata Kerubo alinitazama kana kwamba anasema, baba, labda tukubali. Na nikaona kwamba nikinyamaza dakika moja zaidi jambo litakuwa limepita, na Nyaboke atavuka ziwa hilo maisha yote akiwa chini ya maji, chini ya wanaume, kama kwenye lile tangazo.

Hapo ndipo nikakumbuka chinsoni. Nyinyi mliokulia mjini huenda mmeisahau. Ni ile heshima yetu ya kuepukana, ambayo kwayo baba mkwe hakanyagi nyumba ya mkaza mwanawe, hata mvua ikinyesha ya mawe. Baba yetu aliishika sana. Alikufa akiwa hajawahi kuvuka kizingiti cha Nyaboke.

Nikasema, "Onchiri, mashua hii ilikuwa ya nani?"

Akasema ilikuwa ya Nyaboke, hilo hakuna anayelikataa.

"Alikuwa analala humu wakichelewa visiwani. Alikuwa anapika humu. Alijenga humu kuliko alivyojenga kwangu. Hii ni nyumba yake. Sasa wewe, mkubwa wetu, mlinzi wa mila, unataka nimchukue baba nimwingize ndani ya nyumba ya mkaza mwanawe, tena nimlaze juu yake, watu wote wa ziwa hili wakiona?"

 Halafu mama mmoja mzee, muuza ndizi, akaanza kucheka kwa pua, akajaribu kujizuia akashindwa, na wote wakaangua kicheko mpaka wengine wakashikilia mikungu wasianguke. Watu wa ziwani, wasioelewa Ekegusii tuliyokuwa tunaizungumza, wakauliza, na Ouma, ambaye mwezi mmoja kwangu ulikuwa umemfunza, akawatafsiria, nao wakacheka zaidi. Onchiri alisimama. Nikamwona anatafuta jibu ndani ya mila zote anazozijua, na mila hizo hizo zilikuwa zimemfungia mlango.

Nikawaambia wasishushe ndizi hata moja. Mashua yenye mzigo ndiyo mashua yenyewe, na mimi nilikuwa nimeshaandika mlima mara mbili maishani, inatosha. Nikavua viatu, nikaingia majini na kopo langu mpaka kiunoni. Kerubo akaukausha ubao wa juu kwa leso yake, nikausugua kwa msasa. Tatizo likawa moja: maji hayasimami. Kila boti ya injini iliyopita kule mbali ilituletea mawimbi yake. Mashua ilitetemeka, mkono wangu ukatetemeka, na nikajaribu kungoja ile nafasi ya kutulia nikaikosa, nikajaribu tena nikaikosa, na wimbi likanisukuma nikayumba nikakaribia kumwaga rangi.

Nikasikia mtu ananishika mkanda kwa nyuma. Nilijua ni nani kabla ya kugeuka, kwa sababu alikuwa anahema kama baba. Onchiri alikuwa ameingia ziwani na suti yake, viatu na vyote. Hakusema kwamba amekubali. Aliniambia tu niandike haraka, maji ni baridi.

Kwa hiyo nikaandika. Kaka yangu alinishikilia kiunoni, Ouma na mwenzake wakaishika mashua mbele na nyuma, na mimi nikatoa pumzi na kuvuta. Sikuwa na uzi wa chaki wala mistari. N ilitoka nene. B ina tumbo upande mmoja. E ya mwisho imeinama kidogo, kwa sababu boti kubwa ilipita nikiwa katikati yake. Tukazunguka upande wa pili tukaandika tena. Siku moja kijana mmoja wa stika alikwenda kupiga picha kazi hiyo, akaja kuniambia kwa heshima kwamba anaweza kuinyoosha. Nikamwambia akiigusa nitamnyoosha yeye.

Yale majina ya chini sikuyafuta. Mashua ikirudi tupu yanaonekana yote mawili, la juu lililopinda na la chini lililonyooka. Watu wanauliza kwa nini jina moja limeandikwa mara mbili. Nani alisema mtu aandikwe mara moja? Nilichelewa miaka kumi na mitano, acheni nilipe na riba.

Tulingoja rangi ishike mpaka saa kumi. Onchiri alikaa juu ya jiwe akikamua soksi, na wale wanawake wakampa ndizi mbivu akala tatu. Kerubo alipanda, Ouma akawasha injini, wakaondoka, na jina likabaki juu ya maji, kavu, mpaka sikuweza tena kulisoma. Nilisimama hapo nikijisikia nimeshinda. Sitawadanganya kwamba nilisikia uchungu tu. Nilikuwa nimeshinda, na nilifurahi sana.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na hii ndiyo sehemu ambayo watu wa bodaboda hawaijui.

Kama mwezi baadaye Onchiri alinipigia simu, akaniambia niende kwake Nyanchwa na burashi. Nilidhani ni jina la baba, na nilikwenda nikiwa tayari kuliandika, kwa moyo mmoja, kwenye lango lake au popote atakapo. Baba anastahili. Nilipofika akanipeleka mpaka kwenye kibanda cha mboga kilicho nje ya lango, kile ambacho mke wake amekaa ndani yake miaka yote akiuza managu na nyanya. Juu yake kulikuwa na kibao nilichokiandika mimi mwenyewe zamani, kinasema Duka la Onchiri. Akaniambia nikifute.

Nikamuuliza niandike nini. Akaangalia pembeni, akataja jina la mkewe. Kwamboka. Nilikuwa sijalisikia mdomoni mwake tangu walipokuwa vijana. Sote tunamwita Mama Josia. Mimi mwenyewe ilibidi nisimame kidogo nilizoee.

Nikaegemeza kijiti, nikaandika. Mkono ulitetemeka vibaya siku hiyo, na Onchiri alikuwa amenishika mkanda, ingawa tulikuwa nchi kavu na hakukuwa na haja. Nilipomaliza akamwita mkewe. Alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga, akauliza kuna nini, akainua macho. Akasoma. Nikaona midomo yake inalitamka herufi kwa herufi, kwa sauti ya chini, kisha akalisoma lote tena kwa pamoja. Akasogea akanyoosha kidole, na nikamwambia asiguse, rangi bado ni mbichi. Akasema anajua, anataka tu kusimama hapo.

Alisimama muda mrefu, na mboga zikaungua jikoni, na hakuna aliyekwenda kuzitazama. Nikafunga kopo langu. Nyinyi vijana mnapenda kuniuliza kama ninajuta chochote katika kazi hii, na huwa nawajibu kwa kiburi kwamba sijutii. Basi andikeni hili. Siku ile nilimwonea kaka yangu wivu mkubwa sana, kwa sababu mke wake alikuwepo kulisoma.